Édouard Lucas: Mwalimu aliyeishinda nambari ya tarakimu 39

MWAKA 1876, mwalimu wa hesabu wa shule ya sekondari nchini Ufaransa alitangaza kuwa amethibitisha jambo ambalo hakuna binadamu angeweza kulithibitisha kwa kugawanya, hata kama angejaliwa umri wa dunia yenyewe. Jambo hilo lilihusu nambari moja tu: 170,141,183,460,469,231,731,687,303,715,884,105,727.

Mwalimu huyo aliitwa François Édouard Anatole Lucas. Alitangaza kuwa nambari hiyo yenye tarakimu 39 ni tasa, yaani haigawanyiki bila baki kwa nambari nyingine yoyote isipokuwa 1 na yenyewe. Kompyuta ilikuwa haijazaliwa. Yeye mwenyewe hakuwa na kiti cha uprofesa katika chuo kikuu chochote. Silaha zake zilikuwa subira na mbinu aliyoibuni kwa akili yake. Nambari aliyoithibitisha ilikaa kileleni kama nambari tasa kubwa zaidi inayojulikana kwa miaka 75, na hadi leo hakuna iliyo kubwa kuliko hiyo iliyothibitishwa kwa mkono mtupu.

Kuelewa uzito wa kazi hiyo hakuhitaji digrii. Yatosha kusimama katika soko la Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay, pale barabara itokayo mjini Homa Bay kuelekea Rongo inapokutana na ile ya Ndhiwa. Mama mwenye nyanya 12 ana uhuru wa kuzipanga apendavyo: mafungu 2 ya nyanya 6, mafungu 3 ya nyanya 4, mafungu 4 ya nyanya 3 au mafungu 6 ya nyanya mbili mbili. Akiongezewa nyanya moja zikawa 13, uhuru huo unatoweka. Ama azirundike zote fungu moja, ama auze moja moja. Mafungu yaliyo sawa hayapatikani tena. Hiyo ndiyo nambari tasa.

Nyanya 13 hukaguliwa kwa macho. Lakini lundo likiwa na idadi ya tarakimu 39, mtu atajuaje kama lina mafungu sawa yaliyojificha ndani yake? Njia ya kawaida ni kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine. Mtu akijaribu kigawo kimoja kila sekunde, bila kula wala kulala, na akiziruka nambari zote shufwa, atahitaji zaidi ya miaka bilioni 200 kumaliza kazi. Wanasayansi wanaukadiria umri wa ulimwengu wote kuwa miaka bilioni 13.8 hivi.

Kutoka Amiens hadi vitani

Lucas alizaliwa Aprili 4, 1842 katika mji wa Amiens, kaskazini mwa Ufaransa, kwenye familia isiyo na makuu. Bidii yake shuleni ilimfikisha École Normale Supérieure jijini Paris, chuo kilichokuwa kikiwaandaa walimu bora wa taifa hilo. Alipohitimu mwaka 1864, alipata kazi ya usaidizi katika kituo cha elimu ya nyota cha Paris.

Mkuu wa kituo hicho alikuwa Urbain Le Verrier, bingwa ambaye hesabu zake ndizo zilizoielekeza darubini kwenye sayari ya Neptune mwaka 1846. Le Verrier alisifika kwa elimu na aliogopwa kwa ukali. Huko ndiko Lucas alikozoea hesabu ndefu zisizosamehe kosa, kwani tarakimu moja ikikosewa asubuhi, kazi ya siku nzima huwa imeharibika.

Mwaka 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, naye akahudumu kama afisa wa kikosi cha mizinga. Ufaransa ilishindwa. Baada ya vita, Lucas hakurudi kwenye nyota. Alishika chaki, akaanza kufundisha katika shule ya sekondari ya mji wa Moulins mwaka 1872. Baadaye alihamia Paris, ambako alifundisha katika shule za Charlemagne na Saint-Louis. Ualimu ndio uliokuwa kazi yake hadi kufa.

Mizinga, hata hivyo, ilimwachia fumbo. Mwaka 1875 aliwauliza wasomaji wa jarida la hisabati swali hili: risasi za mizinga zikipangwa kwa umbo la piramidi yenye kitako cha mraba, ni lini jumla yake inaweza kutandazwa chini na kufanya mraba kamili? Ukiacha risasi moja pekee, jibu lake lilikuwa moja tu: piramidi ya ngazi 24, yenye risasi 4,900, ambazo ni 70 mara 70. Lucas alikuwa sahihi, lakini uthibitisho uliokamilika haukupatikana hadi mwaka 1918, kupitia kwa G. N. Watson wa Uingereza. Ndivyo alivyokuwa mtu huyu. Mara nyingi aliuona ukweli kabla hajawa na njia ya kuwashawishi wengine.

Orodha ya mtawa

Nambari iliyompa jina ilikuwa na historia ndefu kabla yake. Mwaka 1644, mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alichapisha orodha iliyowasumbua wanahisabati kwa zaidi ya karne mbili. Alizishughulikia nambari zinazopatikana kwa njia nyepesi: anza na 1, izidishe kwa 2 mara kadhaa, kisha toa 1. Ukizidisha mara 2 unapata 3. Ukizidisha mara 3 unapata 7. Mara 5, unapata 31. Mara 7, unapata 127. Zote hizo ni tasa. Lakini mtego upo: ukizidisha mara 11 unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89.

Mersenne alidai kuwa, hadi kufikia mara 257, nambari tasa hupatikana katika hatua ya 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 pekee. Hakutoa uthibitisho, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumpinga. Mswisi Leonhard Euler, bingwa wa karne ya 18, aliithibitisha ile ya hatua ya 31 mwaka 1772, yaani 2,147,483,647. Zilizobaki zilionekana ndefu mno kwa umri wa binadamu.

Lucas alitambua kuwa nguvu za kugawanya hazingemfikisha popote. Akageukia mfuatano wa nambari ambao Leonardo wa Pisa, almaarufu Fibonacci, aliuandika mwaka 1202: 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21 na kuendelea, kila nambari ikiwa jumla ya mbili zilizoitangulia. Ni Lucas aliyeupa mfuatano huo jina la Fibonacci ambalo ulimwengu unalitumia hadi sasa. Aliuchunguza pia pamoja na ndugu yake, yaani 2, 1, 3, 4, 7, 11, 18, ambao leo huitwa kwa jina lake mwenyewe.

Aliona kwamba mifuatano hiyo ina nidhamu ya ajabu. Katika ule wa Fibonacci, kila nambari ya tatu hugawanyika kwa 2, kila ya nne hugawanyika kwa 3, na kila ya tano hugawanyika kwa 5. Kila nambari tasa ina zamu yake ya kujitokeza. Hivyo basi, alifikiri Lucas, badala ya kutafuta vigawo vya nambari, mtu anaweza kuingojea nambari yenyewe kwenye zamu yake. Ikitokea mahali pa nambari tasa, imejitambulisha.

Kipimo cha sifuri

Kutokana na wazo hilo alipata kipimo ambacho mwanafunzi wa sekondari anaweza kukijaribu kwa kutumia 127. Anza na 3. Izidishe kwa yenyewe na utoe 2, unapata 7. Fanya hivyo kwa 7, unapata 47. Fanya hivyo kwa 47, unapata 2,207, ambayo ukiigawanya kwa 127 inaacha baki ya 48. Chukua 48, izidishe kwa yenyewe na utoe 2, unapata 2,302, yenye baki ya 16. Chukua 16 ufanye vivyo hivyo, unapata 254, ambayo ni 127 mara 2. Baki ni sifuri. Sifuri hiyo katika hatua ya tano ndiyo hati ya kuwa 127 ni tasa.

Kwa nambari kubwa ya hatua ya 127, kanuni ni ile ile, ila hatua si 5 bali ni 125, na katika kila hatua nambari ya tarakimu zinazofikia 39 inazidishwa kwa yenyewe, kisha jibu lake linagawanywa kwa nambari nyingine ya tarakimu 39. Kwa karatasi na kalamu, kazi hiyo ingemchosha hata mwenye moyo wa chuma.

Hapo ndipo Lucas alipoigeuza hesabu kuwa mchezo. Alibuni ubao mfano wa sataranji wenye safu 127 na mistari 127 ya vyumba, akahesabu kwa kete badala ya tarakimu. Aliyewahi kuwatazama wazee wakicheza ajua, ule mchezo wa Waluo wa mashimo na mbegu, au bao la Waswahili, hatapata taabu kuufahamu ubao huo. Chumba kina kete au hakina. Kete mbili zikikutana katika chumba kimoja, zinaondolewa na moja inawekwa katika chumba kinachofuata, kwa sababu kila chumba kina thamani mara mbili ya kilichotangulia.

Uzuri wa nambari ya Mersenne ni kwamba kete ikivuka chumba cha 127 haipotei. Inarudi chumba cha kwanza na kuendelea kuhesabiwa, kama vile mbegu za ajua zinavyozunguka ubao. Kule kugawanya kuliko kuwa mzigo mkubwa kuliko yote kukageuka kuwa kuzungusha kete tu. Nambari iliyoonekana kutisha kwa ukubwa wake ilikuwa pia, kwa umbo lake, nambari iliyo tayari kumsaidia mwenye kuijaribu.

Mwaka 1876 Lucas alitangaza matokeo. Katika hatua ya 127, sifuri ilipatikana: mtawa alikuwa sahihi. Katika hatua ya 67, sifuri haikupatikana: mtawa alikosea. Hii ya pili ilikuwa habari ngeni katika elimu ya hesabu. Lucas alikuwa akisema kwamba nambari 147,573,952,589,676,412,927 ina vigawo, ilhali yeye mwenyewe hakukijua hata kimoja. Ni sawa na mfanyabiashara kuapa kuwa gunia lililoshonwa lina mafungu sawa ndani, bila kulifungua.

Gunia hilo lilifunguliwa mwaka 1903. Katika mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani jijini New York, Frank Nelson Cole aliwasilisha vigawo viwili, 193,707,721 na 761,838,257,287. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Alizidisha ubaoni, jibu likapatikana lile lile, akarudi kitini huku ukumbi ukishangilia. Lucas alikuwa ameshatangulia mbele ya haki miaka 12 kabla.

Mashaka ya wenzake

Si wote walioridhika na Lucas wakati wa uhai wake. Aliandika kwa haraka na kuchapisha kwa wingi. Makala yake makubwa ya mwaka 1878, yaliyotoka katika toleo la kwanza la jarida la hisabati la Marekani, yalijaa kanuni ambazo uthibitisho wake ulikuwa mfupi au wenye mapengo. Waliotaka kila hatua iandikwe waliona wanaombwa kumwamini mtu badala ya hoja. Na hesabu yenye maelfu ya kete ilizua swali la haki: je, kama kete moja ilikosea chumba?

Jibu limo ndani ya kipimo chenyewe. Kosa moja katika hatua ya 40 au ya 90 lingezivuruga zote zinazofuata, na mwishoni ingebaki nambari yoyote miongoni mwa nambari zisizohesabika. Kosa kuzaa sifuri kamili ni bahati isiyotarajiwa. Kwa hiyo sifuri ya Lucas ilikuwa shahidi mzito kuliko kiapo chake. Palipokosekana sifuri, kama katika hatua ya 67, ndipo palipohitaji mtu kama Cole.

Wengine walikuja kuziba mapengo. Mwaka 1914 Mfaransa mwenzake, E. Fauquembergue, aliirudia kazi ya nambari ya tarakimu 39 na kuikuta sawa. Mwaka 1930 Mmarekani Derrick Henry Lehmer aliinyoosha nadharia yote na kuupa uthibitisho msingi usiotikisika. Ndiyo maana leo kipimo hicho huitwa cha Lucas na Lehmer. Orodha ya Mersenne nayo ilikuja kubainika kuwa na makosa matano: hatua ya 67 na ya 257 si tasa, na alizisahau za 61, 89 na 107.

Mtu wa mafumbo

Nje ya nadharia, Lucas aliwapenda watoto na wasomaji wa kawaida. Alianza kuchapisha vitabu vya burudani za hisabati mwaka 1882. Mwaka 1883 aliuza mchezo uitwao Mnara wa Hanoi, wenye visahani vinavyohamishwa kutoka kijiti kimoja hadi kingine, kimoja kimoja, bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Kwenye boksi aliandika kuwa mbunifu ni N. Claus wa Siam, mwalimu wa chuo cha Li-Sou-Stian. Ukizipanga upya herufi hizo katika Kifaransa, Claus wa Siam anageuka kuwa Lucas wa Amiens, na chuo chake kinageuka kuwa Saint-Louis, shule aliyofundisha.

Mchezo huo uliambatana na hekaya ya makuhani wanaohamisha visahani 64 vya dhahabu. Idadi hiyo ndiyo ya kete za bao la Waswahili. Hatua zinazohitajika ni 18,446,744,073,709,551,615, na kwa hatua moja kila sekunde kazi ingechukua zaidi ya miaka bilioni 584. Nambari hii ni ndugu ya ile ya tarakimu 39, kwani hupatikana kwa kuzidisha kwa 2 mara 64 na kutoa 1. Lakini si tasa. Inaishia na 5, na mtoto wa shule ya msingi anajua pa kuanzia kuigawa. Kumbe ukubwa wa nambari hausemi lolote kuhusu ugumu wake.

Kifo cha Lucas hakikulingana na maisha ya mtu aliyekwepa kosa katika hatua 125. Septemba 1891 alihudhuria kongamano la wanasayansi mjini Marseille. Katika karamu, mhudumu aliangusha vyombo, na kipande cha sahani kikarukia shavu lake na kulichana. Jeraha lilionekana dogo, lakini liliingiwa na maambukizi ya ngozi. Enzi hizo hapakuwa na dawa za kuua bakteria. Lucas alifariki jijini Paris Oktoba 3, 1891, akiwa na umri wa miaka 49. Kitabu chake kikuu kuhusu nadharia ya nambari kilikuwa kimetoka mwaka huo huo, juzuu ya kwanza tu. Ya pili hakuiandika.

Urithi

Nambari yake ilibaki kileleni hadi mwaka 1951, pale Mfaransa Aimé Ferrier alipothibitisha nambari tasa ya tarakimu 44 kwa msaada wa mashine ya mezani. Mwaka huo huo, J. C. P. Miller na D. J. Wheeler wa Cambridge waliitumia kompyuta ya EDSAC kufikia tarakimu 79. Namna walivyoipata nambari hiyo ni heshima tosha kwa marehemu: waliichukua nambari ya Lucas, wakaizidisha kwa yenyewe, wakazidisha kwa 180 na kuongeza 1.

Mwaka uliofuata, Raphael Robinson aliiandikia kompyuta ya SWAC nchini Marekani programu ya kipimo cha Lucas na Lehmer, na nambari mpya za Mersenne zikaanza kupatikana. Oktoba 2024 ilitangazwa nambari tasa yenye tarakimu 41,024,320, inayopatikana kwa kuzidisha kwa 2 mara 136,279,841 na kutoa 1. Mitambo ya kisasa iliitilia muhuri kwa kipimo kile kile cha kungojea sifuri.

Faida yake haikuishia kwa wanaosaka rekodi. Tangu mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walipobuni njia ya kuficha ujumbe kwa kuzidisha nambari tasa mbili kubwa, biashara na benki kwenye intaneti zimezihitaji nambari hizo kila siku. Kompyuta huzitafuta bila kujaribu vigawo vyote, na miongoni mwa vipimo vinavyotumika kuzichuja vimo vilivyojengwa juu ya mifuatano ya Lucas. Alichokifanya mwalimu wa sekondari kwa kete, sasa hufanywa kimyakimya ndani ya mashine.

Hata nambari yenyewe haijamaliza maneno yake. Zidisha kwa 2 mara 2 na utoe 1, utapata 3. Zidisha mara 3, utapata 7. Zidisha mara 7, utapata 127. Zidisha mara 127, utapata nambari ya Lucas. Zote ni tasa, kila moja ikimzaa mwenziwe. Mbelgiji Eugène Catalan aliuona mnyororo huo mwaka ule ule wa 1876. Swali la kama kiungo kinachofuata nacho ni tasa halijajibiwa hadi leo. Kiungo hicho kina tarakimu nyingi kiasi kwamba hakuna karatasi duniani itakayotosha kuziandika, wala kompyuta itakayomaliza kuzungusha kete zake. Atakayelijibu atalazimika kufanya alivyofanya Lucas: kuacha kushindana na ukubwa wa nambari, akalitafuta umbo lake.